Benki zimenikataa, mkopeshaji wa mtaani ananisubiri: nifanyeje duka lisife?

Swali: «Nina duka la vifaa vya ujenzi Masasi mjini, huu ni mwaka wa saba. Januari mwaka jana nilichukua mkopo wa benki wa shilingi 12,000,000 kwa miezi 24, rejesho 640,000 kila mwezi, dhamana ikiwa guta langu na mali ya dukani. Nililipa marejesho 13 bila kukosa. Kuanzia Machi mwaka huu nimeshindwa, na hadi Juni nimekosa manne. Katikati nilichukua mikopo miwili ya simu, 85,000 na 140,000, nikidhani itaziba pengo. Nayo imenishinda, na sasa wanawatumia ndugu zangu ujumbe wa kunidhalilisha. Wateja nawadai 6,800,000: kati ya hizo 2,900,000 ziko kwa fundi mmoja aliyepata kazi ya kujenga madarasa, zilizobaki ni za wakulima wanaoniambia nisubiri korosho. Rafu ziko nusu tupu, siku nyingine nauza 40,000 tu. Benki mbili nyingine zimeniambia jina langu ni chafu. Kuna kijana anasema kwa 300,000 atalisafisha kwenye mfumo. Na kuna mkopeshaji wa mtaani yuko tayari kunipa 5,000,000 leo hii kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, nikimpa karatasi za nyumba na kusaini mkataba wa mauziano. Mume wangu anajua deni la benki tu. Naomba unielekeze nitapata wapi mtaji.»

Dada yangu, pole sana, na ahsante kwa kuandika tarakimu zako bila kuzificha, kwa sababu ndizo zilizonisaidia kuona kitu ambacho pengine wewe mwenyewe, ukiwa katikati ya moshi, hukupata nafasi ya kukiona. Umeniuliza mtaji utapatikana wapi. Nitakujibu, lakini jibu hilo litakuja baada ya mambo mengine mawili, na nakuomba uyasome kwa mpangilio huo huo. Mawili ya haraka niyaseme sasa hivi: usimpe yule kijana hata shilingi, na usisaini ule mkataba wa mauziano.

Tuanze na hilo linaloitwa jina chafu. Watu wengi wakiambiwa hivyo hudhani kuna daftari la waliolaaniwa, ukishaandikwa humo hutoki. Hakuna daftari la namna hiyo. Benki Kuu ya Tanzania ina kanzidata ya taarifa za wakopaji, na zipo kampuni zenye leseni yake, Creditinfo na Dun & Bradstreet, zinazopokea taarifa kutoka kwa mabenki na wakopeshaji wengine na kuzitengeneza kuwa ripoti. Ripoti hiyo inaeleza kila mkopo ulianza lini, ni wa kiasi gani, umebaki kiasi gani na umechelewa siku ngapi. Maana yake ni kwamba marejesho yako 13 uliyolipa kwa wakati nayo yamo humo humo, yakikutetea. Kinachokuangusha ni mstari wa mwisho: mkopo uliochelewa zaidi ya siku 90 kwa kawaida benki huuhesabu kuwa mkopo chechefu, nawe umeshavuka hapo. Afisa wa benki nyingine akiona mkopo chechefu ulio wazi, hata kama anakuonea huruma, hawezi kupitisha maombi yako, kwa kuwa akikupa fedha mpya atakuwa anamlipia mwenzake deni.

Kwa hiyo yule kijana anakuuzia kitu asichokuwa nacho. Taarifa hubadilishwa na yule aliyeipeleka, yaani mkopeshaji wako, na huibadilisha deni likibadilika. Haki uliyo nayo kweli, ambayo hailipiwi 300,000, ni kuomba uione ripoti yako na kupinga kosa lililomo. Makosa hutokea. Nilipokuwa afisa mikopo huku kusini nilimkatalia mama mmoja wa Newala kwa sababu ya deni lililosomeka wazi. Siku tatu baadaye alirudi na barua iliyokunjwa mara nne ndani ya kitambaa, inayoonyesha kwamba deni hilo alilimaliza miaka miwili nyuma na aliyemkopesha hakupeleka taarifa ya kulifunga. Barua ile ndiyo iliyomwokoa. Tangu siku hiyo mimi humwambia kila mtu: ukimaliza mkopo, hata wa shilingi 50,000, dai barua ya kumaliza na uitunze pamoja na vyeti vya watoto.

Na hapo hapo nigusie mikopo ya simu. Jumla yake ni 225,000, na unaweza kuiona midogo mbele ya deni la benki, lakini ikiwa wakopeshaji hao wana leseni, kila mmoja ni mstari wake kwenye ripoti, na mistari mitatu mibaya husomeka vibaya kuliko mmoja. Ilipe hiyo kwanza, upate uthibitisho. Kabla ya kulipa, angalia kama programu hizo zimo kwenye orodha ya Benki Kuu ya wenye leseni, maana mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ndefu ya programu zinazokopesha bila kibali. Kuhusu ujumbe wanaowatumia ndugu zako, hifadhi picha za ujumbe huo. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika nchini, na kuanika deni lako kwa watu uliowahifadhi kwenye simu ni jambo unaloweza kulipeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Sasa nije kwenye ugonjwa wenyewe, ambao nadhani haujatajwa katika barua yako. Umelipa benki marejesho 13 ya 640,000, yaani 8,320,000. Wateja wako wameshika 6,800,000. Ukijumlisha, shilingi 15,120,000 zimetoka dukani kwako katika kipindi hicho, kiasi kinachozidi ule mkopo wote wa milioni 12 ulioingia. Mtaji wako haukuibwa wala haukuliwa na bahati mbaya. Nusu yake iko benki na nusu iko mikononi mwa watu unaowafahamu kwa majina. Nina hakika kubwa kwamba kuanzia Machi hadi Septemba mwaka jana ulikuwa unauza bati, unachukua fedha ya bati, unaipeleka benki, na bati jingine halirudi kwenye rafu. Duka linalolipa deni kwa mali badala ya faida huonekana zima kwa miezi kadhaa, kisha siku moja mteja anaingia, anauliza misumari ya nchi tatu, hamna, anauliza kofia za bati, hamna, naye harudi.

Kwa nini ilitokea hivyo kwa mtu makini kama wewe? Kwa sababu mkopo wako ulipangwa kana kwamba wewe ni mwalimu anayepokea mshahara kila mwisho wa mwezi, na Masasi haipati fedha kwa namna hiyo. Kuanzia Juni mkulima anahangaika na salfa na vibarua, Septemba anaanza kuokota, minada inaanza Oktoba, na fedha inaingia kwenye akaunti zake kupitia chama chake cha msingi kati ya Novemba na Januari. Hapo ndipo watu wanapaua, wanapiga sakafu, wanabadilisha milango. Mwezi Aprili, mvua ikiwa bado inanyesha na fedha ya korosho imeshapita kwenye ada na harusi, nani anapaua? Rejesho linalofanana kila mwezi linakukuta wewe na wateja wako wote mkiwa kwenye ukame.

Ndiyo maana ile milioni tano ya mtaani haiwezi kukufufua. Tuchukue kwamba mfuko mmoja wa saruji unakuachia faida ya 700. Kama kwako ni zaidi kidogo, hesabu utairekebisha. Riba ya asilimia 20 kwa milioni tano ni 1,000,000 kila mwezi. Ili uipate hiyo riba peke yake unahitaji kuuza karibu mifuko 1,430 kwa mwezi, kabla hujalipa pango la fremu, kabla hujala, na deni la msingi likiwa palepale. Baada ya miezi mitano umempa milioni tano, na bado unadaiwa milioni tano. Kwa mkopeshaji wa daraja la pili mwenye leseni, yaani anayekopesha bila kupokea akiba za watu, Benki Kuu imeweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi, ambacho kwa kiasi hicho hicho ni 175,000, sawa na faida ya mifuko 250. Hata huo ni mzigo mzito, lakini unaweza kuujadili. Ule mwingine ndio watu wanaouita kausha damu, na jina hilo halikutungwa kwa chuki.

Kuhusu mkataba wa mauziano, nisikilize vizuri. Mkopo wenye dhamana unasema: nisipolipa, utafuata utaratibu na kuuza mali yangu ujilipe. Mkataba wa mauziano unasema: nimeshakuuzia nyumba, na fedha nimepokea. Siku ukichelewa, hatahitaji kuthibitisha deni lolote, atadai nyumba aliyonunua, na wewe ndiye utakayebeba kazi ya kueleza mahakamani kwamba ulikuwa mkopo. Wewe ni mtu wa Masasi, unaijua kangomba: mkulima aliyebanwa anauza korosho zake kabla ya msimu kwa bei ya kutupa, kisha Novemba anakaa kibarazani akitazama wenzake wakilipwa. Usingemshauri mjomba wako auze kwa kangomba. Basi na nyumba yako usiiuze kwa mtindo huo huo.

Hatua yako ya kwanza ni kurudi kwenye benki ile ile unayoikimbia, na kuomba mkopo upangwe upya. Najua unapita upande wa pili wa barabara usionekane na afisa wako. Nimekuwa afisa huyo, na nakuhakikishia kwamba mteja anayekuja mwenyewe na karatasi mkononi hutazamwa tofauti kabisa na anayetafutwa. Benki nayo ina sababu zake: mkopo ukishakuwa chechefu hulazimika kutenga fedha kufidia hasara inayotarajiwa, na fedha hizo hazizalishi kitu. Guta lako lililotumika na rafu nusu tupu haviwezi kuirudishia deni lake kwa mnada, na meneja analijua hilo vizuri.

Usiende na ombi la «naomba mnivumilie». Nenda na ratiba. Umebakiza marejesho 11, yaani 7,040,000. Ungeweza kupendekeza, kama daftari lako la mauzo linaruhusu, ulipe 150,000 kila mwezi kuanzia Julai hadi Oktoba, kisha 1,500,000 kwa kila mwezi wa Novemba, Desemba na Januari, ambazo zote kwa pamoja ni 5,100,000, na zile 1,940,000 zilizobaki pamoja na riba ya muda ulioongezwa zigawanywe hadi Julai mwakani. Ambatanisha nakala za kurasa za daftari la mauzo ya msimu uliopita na orodha ya unaowadai. Andika barua, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Nikuambie ukweli wote: kupanga upya kutakuongezea riba, kunaweza kuwa na ada, na ripoti yako haitakuwa safi siku hiyo, itabidi benki ione marejesho kadhaa ya ratiba mpya yakilipwa kabla ya kukuhesabu tena kuwa mteja mzuri. Wala usiahidi kila kitu kwa korosho. Sote tunakumbuka Novemba 2018, serikali ilipochukua ununuzi kwa bei ya 3,300 kwa kilo na wakulima wengi wakasubiri malipo kwa miezi, maduka ya kusini yakasubiri pamoja nao. Na tunakumbuka pia Oktoba 2024, minada ya kwanza ilipovuka shilingi 4,000. Panga kwa msimu wa wastani.

Hatua ya pili ni hao unaowadai, wanaokuomba subira. Fundi wa madarasa ndiye wa kwanza, kwa kuwa deni lake peke yake linazidi marejesho yako manne yaliyokosekana, ambayo ni 2,560,000. Usibishane naye kwenye simu. Muombe akuonyeshe mkataba wa kazi na hatua malipo yalipofikia, kisha muandikishiane kwa mtendaji wa kata, kila mmoja na shahidi wake, kiasi na tarehe. Akikataa hata kuandika, ujue deni hilo lina tatizo, na Mahakama ya Mwanzo ipo. Kwa wakulima, ambao kwa pamoja wana 3,900,000, usimfuate mtu Julai kumdai fedha ambayo sote tunajua hana. Mpitie kila mmoja sasa ili akiri deni kwa maandishi na kutaja chama chake cha msingi, ili ujue mnada wake utafanyika lini na umfikie wiki ile malipo yanapoingia, kabla muuza pikipiki hajamfikia. Katika hesabu zako weka nusu tu ya fedha hiyo. Ikija zaidi, ni heri. Na kukopesha wateja simamisha leo, hata kama ni shemeji.

Kuna mali iliyolala pia. Ingia nyuma ya duka utazame saruji iliyokaa chini kabisa ya lundo; bonyeza kona ya mfuko kwa kidole gumba. Ikiwa bado inabonyea, iuze wiki hii hata kwa faida ya 200. Ikiwa imeanza kuwa ngumu, usimuuzie mtu kwa ajili ya zege. Mweleze anunue kwa bei ndogo kwa kazi ya kujazia. Rangi na vigae vya mtindo uliopita, vivyo hivyo. Fedha itakayopatikana hapo ndiyo itakayolipa ile mikopo ya simu.

Ni baada ya hapo ndipo ninapofika kwenye mtaji mpya, na nitakuwa muwazi kwamba kwa hali yako ya leo milango si mingi. Mlango ninaoupendelea ni mali kauli, yaani bidhaa unazochukua sasa na kuzilipia baadaye, kutoka kwa muuzaji wa jumla anayekufahamu. Hatazami ripoti ya benki, anatazama kama ulimlipa mara ya mwisho. Muombe kidogo, bidhaa zinazotoka haraka tu, misumari, kofia, mbao, kwa siku 14. Kisha weka kopo lenye jina lake chini ya meza. Kila kifaa chake kikiuzwa, bei aliyokupa inaingia kwenye kopo hapo hapo, faida ndiyo inayobaki kwenye droo yako. Mizunguko mitatu ya namna hiyo iliyolipwa kwa wakati itakufungulia mzigo mkubwa zaidi kabla ya Novemba.

Kama una hisa kwenye VICOBA au akiba kwenye SACCOS, mkopo wa huko hutegemea zaidi akiba yako na wenzako wanaokudhamini. Ni fedha nzuri kwa kununua mali, lakini usiitumie kulipa benki, kwa sababu utakuwa umehamisha deni kutoka kwa watu wenye ofisi kwenda kwa watu mnaozikana. Upo pia mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Ulisitishwa Aprili 2023 ukarejeshwa mwaka 2024, na hauna riba. Kwa kuwa uko mjini, ofisi yako ni ya Halmashauri ya Mji wa Masasi, kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata, wala si ile ya wilaya. Hupewi peke yako. Unahitaji kikundi kilichosajiliwa chenye shughuli yake, na mchakato huchukua muda, kwa hiyo ni mpango wa mwakani. Usiwafiche wenzako hali ya deni lako unapoingia kikundini. SIDO, shirika la viwanda vidogo, ofisi ya Mtwara, inafaa zaidi kwa wanaozalisha. Ukifikiria kufyatua matofali ya saruji, nenda ukazungumze nao.

Limebaki la mume wako. Ukitaka kuweka rehani nyumba mnayoishi, sheria ya ardhi inataka ridhaa yake, kwa hiyo hata kwa njia halali usingeweza kulifanya hilo kimya kimya. Lakini sikuambii kwa sababu ya sheria tu. Hesabu hizi zinahitaji watu wawili mezani, na ni afadhali azisikie kwako, ukiwa na ratiba mkononi, kuliko kuzisoma kwenye ujumbe aliotumiwa na wakopeshaji wa simu.

Iko pia hali ambayo nitakushauri usifufue. Ukishakusanya ulichoweza, ukauza kilicholala, na benki ikakubali ratiba, fungua daftari jipya la miezi miwili: kama faida ya mwezi baada ya pango, kodi na chakula haifiki hata 150,000, basi kukopa tena ni kuchimba shimo. Hapo heri upunguze duka liwe la bidhaa chache, au ulifunge kwa mpangilio, uuze mali iliyobaki kwa bei nzuri, ulipe deni na ubaki na nyumba na jina. Nimewaona waliofanya hivyo wakarudi sokoni baada ya misimu miwili.

Yapo mambo ambayo maandishi haya hayatoshi. Ukipata barua ya mwanasheria au notisi ya mnada, usikae nayo hata wiki moja. Mpelekee wakili, au uulize ofisi ya maendeleo ya jamii wasaidizi wa kisheria walio karibu nawe, ambao huduma yao ni bure. Akija dalali kuchukua guta, dai barua ya benki na leseni yake, na umwite mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Benki ikikataa hata kupokea barua yako, lalamika kwanza kwa maandishi kwa meneja wao, na wasipokujibu, Benki Kuu ina dawati la malalamiko na ina tawi Mtwara mjini. Na kama huna deni la kodi ila makadirio ya TRA yamebaki ya miaka ile ya mauzo makubwa, nenda ukaombe yapitiwe upya kabla ya Septemba.

Kwa wiki hii inatosha kufanya matatu: zungumza na mume wako, bonyeza ile mifuko ya saruji, na andika barua ya benki. Ukishaandika rasimu, nitumie niisome kabla hujaipeleka.